Kutuma mvinyo kutoka jimbo hadi jimbo Marekani: kwa nini Michigan inakubali na Utah inakataa?

Mjomba_Columbus aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Ninaishi Columbus, Ohio, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anafunga ndoa Salt Lake City, Utah, ambako familia yao imeishi kwa miaka kadhaa. Katika kikao cha familia nilisimama na kutamka kwamba mvinyo wa meza kuu utatoka kwa mjomba, na ahadi ya mjomba ikishasikiwa na wakwe, kama mjuavyo, haina pa kurudia. Nilipokuwa safarini California nilipita kwenye shamba moja la mizabibu huko Napa, nikaonja, nikaridhika, nikaomba katoni 4, yaani chupa 48, zipelekwe moja kwa moja kwa dada yangu. Mhudumu alipoingiza anwani alitikisa kichwa na kuniambia kwamba Utah haiwezekani. Nilipompa anwani ya rafiki yangu wa Detroit, Michigan, ambaye nilitaka kumzawadia chupa 6, mashine ilikubali papo hapo.

Niliporudi nyumbani nilijaribu njia nyingine. Duka la vileo la Chicago linalouza mvinyo uleule lilikataa Utah na, jambo lililonishangaza zaidi, likaikataa Michigan pia. Nikaona basi ninunue hapa hapa Columbus, nifunge vizuri na kupeleka posta. Karani wa dirishani aliposikia kilichomo ndani akanirudishia sanduku langu kwa upole.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: nchi ni moja, fedha ni moja, na barabarani kutoka hapa hadi Utah hakuna forodha hata moja. Kwa nini basi kinywaji halali, kilicholipiwa kodi, kinachonunuliwa na mtu mzima na kupokewa na mtu mzima, kishindwe kuvuka? Je, ipo njia halali ya kutimiza ahadi yangu? Na swali dogo la nyongeza: wazee wanataka pia mbege, na mke wangu huipika vizuri sana, je, inaweza kutumwa? Ninaomba majibu ya wanaojua, si ya wale watakaonishauri niandike "juisi ya zabibu" juu ya boksi.

Msoma_Katiba alijibu:

Mjomba, shikamoo, na hongera kwa harusi.

Kwa viatu, simu na vitunguu, Marekani ni soko moja. Kwa vileo ni masoko 50, na hayakutokana na ukaidi wa makarani bali yamo ndani ya Katiba yenyewe. Marekebisho ya 21, yaliyopitishwa tarehe 5 Desemba 1933 ili kufuta marufuku ya pombe iliyokuwa imeanza kutekelezwa mwaka 1920, yana kifungu cha pili ambacho watu wengi hukisahau kwa sababu ya shangwe ya kile cha kwanza. Kifungu hicho kinakataza kusafirisha au kuingiza kileo katika jimbo lolote kinyume cha sheria za jimbo hilo. Maana yake ni kwamba mwenye usemi mkubwa ni jimbo ambalo sanduku linafikia, si lile linakotoka. Na kwa kuwa umetaja Utah, nikuongezee jambo ambalo huwa linanichekesha: kura ya 36, iliyokamilisha idadi iliyohitajika kufuta marufuku, ilitoka Utah, jimbo ambalo mpaka leo ni miongoni mwa yanayobana vileo kuliko mengine yote.

Ugomvi wenyewe, hata hivyo, ni wa zamani kuliko marufuku hiyo. Mwaka 1890 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Iowa, ingawa ilikuwa imepiga marufuku pombe, haikuwa na mamlaka ya kuzuia bia iliyotoka Illinois ikiwa bado imo katika vyombo vyake vya asili, kwa sababu biashara kati ya majimbo ni jambo la Bunge la Marekani. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa sheria iliyosema kwamba kileo kikifika ndani ya jimbo kinakuwa chini ya sheria za jimbo hilo. Lakini mwaka 1898 mahakama ikaitafsiri sheria hiyo kwa namna iliyoacha upenyo: mzigo ulioagizwa na mtu kwa matumizi yake ulikuwa haujafika mpaka akabidhiwe mkononi. Wauzaji wakauona upenyo huo upesi, na biashara ya kuagiza pombe kwa barua ikashamiri, treni zikishusha masanduku katika miji ambayo kisheria haikuwa na hata kilabu kimoja cha pombe. Ndiyo sababu Bunge lilipitisha sheria nyingine mwaka 1913, ile inayoitwa Webb-Kenyon kwa majina ya wabunge walioipeleka, iliyokataza kupeleka kileo katika jimbo kwa nia ya kuvunja sheria zake. Maneno ya kifungu cha pili cha Marekebisho ya 21 yamefuata nyayo za sheria hiyo kwa karibu sana. Kwa hiyo, Mjomba, unapoliona sanduku lako la Napa limekwama, ujue kwamba limekwama mahali palepale yalipokwama masanduku ya miaka ya 1890. Kilichobadilika ni kwamba badala ya treni kuna tovuti.

Baada ya 1933 majimbo mengi yaliweka mfumo wa ngazi tatu. Mzalishaji humuuzia msambazaji wa jumla, msambazaji humuuzia mwenye duka au baa, na mwenye duka ndiye humuuzia mnywaji. Lengo lilikuwa kuzuia hali iliyokuwapo kabla ya marufuku, ambapo kiwanda cha bia kilimiliki baa na kumsukuma mwenye baa auze kwa wingi kadiri iwezekanavyo. Mengine, kama Utah na Pennsylvania, yalikwenda mbali zaidi na kuifanya serikali ya jimbo yenyewe kuwa mfanyabiashara. Kutuma moja kwa moja kwa mnywaji ni kuruka ngazi mbili kwa mkupuo, na hapo ndipo kila jimbo linapojiamulia kama litaruhusu, kwa nani, na kwa kiasi gani.

Kwa nini basi Michigan ilikubali? Kwa sababu ilishindwa mahakamani. Zamani Michigan iliruhusu viwanda vyake vya mvinyo kuwatumia wananchi moja kwa moja, huku ikivilazimisha vya majimbo mengine kupitia kwa wasambazaji. New York ilikuwa na ujanja wake: kiwanda cha nje kiliweza kutuma, mradi kwanza kifungue ofisi au ghala ndani ya New York, jambo ambalo shamba dogo la Virginia au California lisingeweza kulimudu. Tarehe 16 Mei 2005, katika kesi ya Granholm dhidi ya Heald, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba Marekebisho ya 21 hayalipi jimbo ruhusa ya kuwapendelea wazalishaji wake na kuwabagua wa nje. Jimbo linaweza kufunga mlango kwa wote au kuufungua kwa wote. Michigan na New York zilichagua kuufungua. Leo majimbo zaidi ya 40 yanaruhusu viwanda vya mvinyo kutuma kwa mnywaji kwa kibali. Utah imechagua kuufunga kwa wote, na kwa mantiki ya hukumu ileile, hilo ni halali.

Mjomba_Columbus:

Marahaba, na asante sana. Hapo kwa Utah nimekuelewa. Lakini duka la Chicago? Kama Michigan imefungua mlango, na mvinyo ni uleule wenye lebo ileile, mbona duka lilikataliwa na shamba likakubaliwa?

Msoma_Katiba:

Kwa sababu sheria haiangalii mvinyo, inamwangalia aliyeutuma. Kesi ya 2005 ilihusu wazalishaji, na majimbo mengi yalipoandika upya sheria zao yalitaja viwanda vya mvinyo tu. Wenye maduka waliachwa nje, na wamekuwa wakishitaki tangu hapo bila mafanikio makubwa.

Mfano ulio karibu nawe ni wa duka moja la Fort Wayne, Indiana, lililotaka kuwapelekea wateja wa Michigan kama maduka ya Michigan yanavyofanya. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 6, ambayo mamlaka yake yanafika hata Ohio yako, iliipa Michigan ushindi, ikieleza kwamba duka la ndani hununua kwa msambazaji wa ndani, na kwa hiyo jimbo linaweza kulikagua na kusimamia bei na kodi, wakati duka la Indiana liko nje ya mnyororo huo wote. Januari 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa. Mahakama nyingine za rufaa ziliamua vivyo hivyo kuhusu Missouri mwaka 2021 na North Carolina mwaka 2022. Mimi binafsi naona hoja hiyo haikai sawa na hukumu ya 2019 kuhusu Tennessee, ambapo majaji 7 dhidi ya 2 walifuta sharti la mtu kuwa mkazi wa jimbo kwa miaka miwili kabla ya kupewa leseni ya duka la vileo, wakisema wazi kwamba kanuni ya kutobagua haiishii kwa wazalishaji. Lakini maoni yangu hayatalifikisha sanduku lako Detroit.

Mama_Neema_Houston:

Nimesoma haya yote kwa makini, na bado naona mmeuzunguka mbuyu. Hapa kuna kundi la wasambazaji wanaolinda fungu lao, na habari ya "kulinda watoto" imewekwa mbele kama pazia. Kaka Msoma Katiba, wewe uliyesoma, unakataa?

Msoma_Katiba:

Sikatai yote, Mama Neema. Katika kesi ileile ya 2005 mahakama yenyewe ilieleza kwamba kati ya 1984 na 2002 idadi ya wasambazaji wenye leseni ilishuka kutoka 1,600 hadi 600, ilhali viwanda vya mvinyo vilikuwa vimezidi 3,000, zaidi ya mara tatu ya vile vilivyokuwapo miaka 30 kabla. Ukiwa na shamba dogo linalotoa katoni elfu mbili kwa mwaka, msambazaji mkubwa hana haja nawe. Gari lake limejaa tayari. Kwa mkulima kama huyo, kutuma moja kwa moja ndiyo njia pekee ya kumfikia mteja aliyeko mbali.

Kuhusu watoto, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ilichunguza jambo hili na kutoa taarifa yake Julai 2003. Majimbo yaliyokuwa yakiruhusu kutuma moja kwa moja yaliieleza kwamba yalikuwa na matatizo machache au hayakuwa nayo kabisa kuhusu watoto kununua mvinyo kwa njia hiyo. Mahakama iliizingatia taarifa hiyo. Tena kijana wa miaka 17 anayetaka kulewa Ijumaa usiku hawezi kungoja siku tano mvinyo wa gharama utoke Napa.

Hata hivyo nisingesema kwamba hoja ya jimbo ni pazia tupu. Kodi ni jambo la kweli, na mtu anayeuza kutoka mbali bila kibali haonekani na mtoza ushuru. Ndiyo sababu mwaka 2000 Bunge lilimpa mwanasheria mkuu wa jimbo uwezo wa kwenda katika mahakama ya serikali kuu kuomba amri ya kumzuia muuzaji aliyeko jimbo jingine.

Karani_wa_Ghala:

Niongeze kutoka upande wa anayefunga masanduku. Ninafanya kazi katika kiwanda kidogo cha mvinyo Virginia, na kazi yangu kubwa si chupa bali makaratasi. Kwa kila jimbo tunalotuma lazima tuwe na kibali cha jimbo hilo, tulipe ada ya kukihuisha, tupeleke taarifa za kiasi tulichotuma, na tulipe ushuru wa bidhaa na, mahali pengi, kodi ya mauzo kana kwamba tuna duka huko. Viwango navyo havifanani. New York huhesabu kwa mnywaji, katoni 36 kwa mwaka. Michigan humhesabia mtumaji, katoni 1,500 za lita 9 kwa mwaka kwa wateja wake wote wa Michigan kwa pamoja. Massachusetts iliwahi kuweka kikomo cha galoni 30,000: ukizalisha zaidi ya hapo, na una msambazaji huko, basi uchague kati ya msambazaji na kutuma. Viwanda vya Massachusetts vyote vilikuwa chini ya kikomo hicho, sadfa njema kweli kweli, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikakifuta.

Kwa hiyo, Mjomba, mhudumu wa Napa hakukufanyia ukaidi. Mashine yake imeunganishwa na orodha ya majimbo ambayo kiwanda kina vibali vyake, na kwa Utah hakuna kibali cha namna hiyo cha kuomba. Kiwanda kikituma hata hivyo, kinahatarisha leseni yake ya serikali kuu, na hakuna katoni 4 zenye thamani hiyo.

Iko sheria moja ya mwaka 2002 ambayo wageni wa mashamba hupenda kuitaja, na huenda ukasimuliwa. Ilitungwa baada ya masharti ya usalama wa ndege kuongezeka, na inaruhusu mvinyo ulionunuliwa na mtu akiwa mwenyewe pale kiwandani utumwe nyumbani, mradi ni wa matumizi binafsi na mradi angeweza kuubeba kihalali mpaka katika jimbo hilo. Usiitegemee. Chupa 48 za harusi ya mtu mwingine si matumizi yako binafsi, na sheria hiyo inakurudisha palepale kwa Utah, kwamba ungeruhusiwa kubeba kiasi gani.

Ukitaka kuongeza wiski, mambo yanakuwa magumu zaidi. Kentucky ilipitisha sheria mwaka 2020 inayoruhusu viwanda vyenye kibali kutuma pombe kali, mvinyo na bia, lakini majimbo yanayopokea pombe kali kwa njia hii ni machache, kama Nebraska na North Dakota, na kutoka kiwanda cha Kentucky chupa bado inahitaji ruhusa ya jimbo inakoshukia.

Dereva_wa_Usiku:

Mimi ni yule anayegonga mlango. Kifurushi cha kileo huja na maandishi makubwa kwamba lazima kisainiwe na mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Siwezi kukiacha barazani, siwezi kumpa kijana wa miaka 19 hata kama ndiye aliyefungua, na mtu aliyelewa simkabidhi. Si lazima mpokeaji awe mwenye jina lililoandikwa, lakini lazima awepo mtu mzima mwenye kitambulisho. Jaribio likishindikana mara kadhaa mzigo unarudi ulikotoka, na katika joto la Julai mvinyo uliozunguka ndani ya gari siku nne si mvinyo tena. Mpelekee rafiki yako wa Detroit mahali anapofanyia kazi, kama mwajiri wake anaruhusu, kuliko nyumbani ambako hakuna mtu mchana.

Kuhusu posta: mhudumu alikuwa na haki. Sheria ya serikali kuu imekataza vileo katika barua na vifurushi vya posta tangu 1909, na zuio hilo halimjali mtumaji ni nani. UPS na FedEx huchukua vileo kwa wafanyabiashara wenye leseni waliosaini nao mkataba tu; mtu binafsi hawampokei, awe na chupa moja ya zawadi au katoni kumi. Na wale wa "juisi ya zabibu" wajue kwamba chupa moja ikivunjika ndani ya gari, harufu humaliza ubishi wote.

Karani_wa_Ghala:

Kuhusu njia halali, Mjomba, nionavyo ziko mbili. Ya kwanza ni kuagiza kupitia serikali ya Utah yenyewe: maduka ya jimbo hupokea maagizo maalumu ya mvinyo usiokuwapo rafuni, na aliye huko huenda kuuchukua dukani baada ya kulipia. Bei itakuwa na nyongeza ya jimbo, na muda ni mrefu, kwa hiyo dada yako aende mapema. Ya pili ni kumtumia dada yako fedha, achague mvinyo wa Napa uliopo tayari katika maduka ya huko. Shughuli ikiwa ukumbini, aulize kwanza kanuni za ukumbi, kwa kuwa si kila ukumbi unaruhusu kileo kilichonunuliwa nje.

Mbege sasa. Tangu sheria ya 1978, mtu mzima anaruhusiwa na serikali kuu kutengeneza bia ya nyumbani bila kodi, galoni 100 kwa mwaka, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, mradi haiuzwi. Haitumwi posta na kampuni za vifurushi haziipokei, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Tena mtu yeyote aliyewahi kuacha mbege ndani ya chombo kilichofungwa kwa kizibo anajua kwamba sheria ndiyo tatizo dogo.

Mjomba_Columbus:

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na dada yangu usiku huu, na kesho atakwenda duka la jimbo na jina la mvinyo, mwaka na idadi. Ikishindikana kwa muda uliobaki, nitamtumia fedha anunue uliopo, na mbele ya wakwe utaitwa mvinyo wa mjomba vilevile. Chupa 6 za Detroit nimeziagiza kutoka shambani, kwa anwani ya kazini kwake.

Mbege itapikwa huko huko. Mke wangu atatangulia Utah siku kumi kabla, ndizi zitanunuliwa kule, na dada anasema ulezi anao, ila hajui kama unatosha wazee wote.